Maji ya kisima yakiwa meupe usiyashangilie

Juzi mama mmoja hapa Tanga kanifata na chupa ya soda kajaza maji ya kisimani kwake, kisima kiko jirani na mto, akaniambia mwanangu nipimie kama yana hizo metali nzito mnazosema, mbona meupe kama ya dukani? Chupa sikuipima. Siyo maringo jamani, risasi (ile metali nzito yenye sumu, siyo ya bunduki) ina tabia ya kung'ang'ania ukuta wa chupa, ikikaa siku mbili tatu maabara inasoma kidogo kuliko kilichomo halafu unafurahi bure. Sisi wapima maji tunavuta kwanza maji yaliyolala kisimani yatoke, tunachuja kwenye kichujio cha matundu ya maikromita 0.45, tunatia matone ya asidi ya naitriki mpaka pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2 ili risasi isishike chupa, ndo inapelekwa maabara.

Akauliza, si nachemsha lakini? Chemsha mama, kipindupindu hakitaki mchezo, ila risasi haifi kwa moto, mvuke unaondoka yenyewe inabaki inazidi kukolea sufuriani.

Sasa inafikaje kisimani. Kiangazi mto ukiwa na maji bado, watu wanawasha pampu kutwa, usawa wa maji kisimani unashuka chini ya ule wa mtoni, basi mto unageuka unaingia kisimani chini kwa chini, na mto wa mjini mnaujua unabeba nini: oili chafu ya gereji, betri zilizopasuliwa, rangi, maji ya jalala. Udongo wa mfinyanzi ungezuia vingi, ila sehemu kubwa huku pwani tumekalia matumbawe na chokaa, vina nyufa, aliyeingia Mapango ya Amboni kaona maji yanavyoifanya chokaa. Kwenye mchanga mzuri maji yanaweza kutembea mita chache tu kwa mwaka, kwenye nyufa ni waja leo waondoka leo.

Na chumvi. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa sana maji chumvi yanapanda, na ile kloridi inaibandua kadimiamu, metali nzito nyingine yenye sumu, iliyokuwa imejishika kwenye udongo, inabaki imeyeyuka majini. Ndo maana nikisikia kisima kimebadilika ladha nashtuka mara mbili.

Kutu nyekundu inayoharibu kanzu ni chuma, mara nyingi inaudhi tu. Mimi naogopa kisichoonekana. Kiwango cha WHO kwa risasi ni maikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja kwenye matenki mia ya lita elfu elfu, na kadimiamu ni 3 tu. Tena kwa ubongo wa mtoto hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu nayo waulizeni Wajapani wa mto Jinzu, mgodi uliwatilia mtoni, mifupa ikawa inavunjika hovyo, ugonjwa wakauita itai-itai, yaani "inauma inauma".

Jana nikaenda kwake na chupa zangu. Pembeni ya kisima nikakuta maboksi ya betri za gari, zile zenye risasi ndani, yamekatwa juu, kapandia mchicha, umestawi hatari. Nikamwambia mpaka majibu yatoke pikia maji ya bomba, na huo mchicha acha kwanza kuula. Akaitikia haya mwanangu, nimesikia. Naondoka, kanifungashia fungu zima la mchicha.