Mbegu zilizopozwa hazijagandishwa

Likizungumzwa suala la uhimilishaji wa kondoo, yaani kumpa jike mimba kwa mbegu zilizokusanywa kutoka kwa dume, hakosekani wa kusema mbegu za dume fulani "ziligandishwa kwa nyuzi 5". Nyuzi 5 za Selsiasi hazigandishi hata maji.

Mbegu zilizopozwa ni shahawa zilizochanganywa na kiowevu cha kuzihifadhi, aghalabu chenye kiini cha yai au maziwa yaliyoondolewa mafuta, kisha zikashushwa joto taratibu hadi nyuzi 15 au 5. Zingali hai, ila zinakwenda polepole. Zilizogandishwa hukaa ndani ya naitrojeni iliyo katika hali ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hudumu miaka.

Kwa ng'ombe unaweza usizitofautishe hizi mbili na usidhurike sana. Kwa kondoo huwezi. Mlango wa kizazi wa kondoo jike una mikunjo iliyopishana, mrija haupenyi kirahisi, hivyo mbegu huachwa mlangoni zijiogelee zenyewe. Zilizoyeyushwa kutoka kwenye barafu nyingi huishia njiani, ndiyo maana mara nyingi huingizwa moja kwa moja kwenye kizazi kwa upasuaji mdogo wa tumboni. Zilizopozwa hazihitaji kisu, lakini zinadai haraka. Wafugaji wa kondoo wa Lacaune kule Ufaransa, wanaotoa maziwa ya jibini la Roquefort, huzipoza hadi nyuzi 15 na kuzitumia siku hiyohiyo.

Sasa njoo kwenye kulinganisha koo, yaani aina za kondoo, maana hapo ndipo watu hunichosha. "Dorper ana mbegu bora kuliko kondoo mwekundu wa Kimasai." Saa ya ngapi? Zikiwa zimetoka sasa hivi, mbegu za karibu dume yeyote mwenye afya hupendeza kwenye hadubini. Kinachopimwa katika mbegu zilizopozwa ni jinsi uhai unavyoporomoka: baada ya saa 6, 24, 48. Na madume walikuwa wangapi? Ukichukua wawili wa kila koo umelinganisha madume wanne, si koo mbili. Ndani ya koo moja madume hutofautiana mno. Tena mbegu zinazochezacheza kwenye kioo si lazima zizae mwana-kondoo.

Kwa hiyo ukisema mbegu za Dorper ni bora, ongeza tu: zikipozwa kwa nyuzi ngapi, baada ya saa ngapi, kutoka kwa madume wangapi.