Kelele za pikapu kuukuu: usianze na godoro

"Gari likizeeka lazima lipige kelele." Utaisikia hii katika gereji yoyote ya Malindi, na wenye Hilux au Isuzu kuukuu wengi huikubali kwa sababu haiwagharimu kitu. Ukweli ni kwamba kelele nyingi zina mlango zinakoingilia, tena mara nyingi ni mlango hasa: raba iliyokauka, bawaba iliyolegea. Pwani raba hazidumu. Jua huzikakamaza, na chumvi ya bahari hula bati lililozishika, hasa kwa magari yanayoshinda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi.

Pima mwenyewe kabla ya kumpa mtu pesa. Weka karatasi kati ya raba na bodi, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo pana upenyo. Zunguka mlango mzima, na kona ya juu usiiruke. Wakati mwingine raba ni nzima ila mlango haukazi. Kile chuma cha kwenye nguzo kinachokamatwa na kitasa hulegezwa kwa spana na kusogezwa ndani milimita moja au mbili, ukabana. Ukitaka uhakika zaidi, ziba mianya yote kwa nje kwa ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi wa magari, uende barabarani, halafu ubandue kipande kimoja kimoja. Kipande kitakachorudisha mluzi kimeshajibu.

"Jana lilikuwa kimya, leo linalia, basi kuna kitu kimeharibika." Huenda, lakini kwanza tazama upepo. Kusi inapovuma, ukitoka Malindi kwenda Garsen inakusukuma kwa nyuma, ukirudi unaikabili. Mshale ukiwa 80 na upepo wa kilomita 25 kwa saa ukiwa usoni, bodi inakata hewa kama gari lililo kwenye 105. Ukiwa mgongoni, ni 55. Kelele ya upepo hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi inaweza kukutisha bure. Ukijaribu matengenezo, jaribu kipande kilekile cha barabara, uelekeo uleule. Na kama una keria tupu juu ya paa, ishushe kwanza. Huenda kazi ikaishia hapo.

Sasa hilo godoro. "Jaza vipande vya godoro ndani ya milango." Ushauri huu umeua milango mingi. Maji ya mvua huingia mlangoni siku zote, yakipitia kando ya kioo, na hutokea kwenye vitundu vya chini. Sponji huyanywa na kuyaweka hapo, likibanana na bati. Kwa hewa yetu, kutu haitakawia. Na hata likikaa kavu, sponji jepesi halizuii mngurumo mzito wa tairi. Trei za mayai? Hizo hata tusizijadili.

Kinachotuliza bati ni karatasi nzito ya butili (aina ya raba inayonata) yenye uso wa alumini, inayogandishwa moja kwa moja kwenye chuma kisafi. Watu hudhani lazima ifunike kila inchi, wakaogopa gharama. Kwa kutuliza mtetemo, robo hivi ya eneo la bati, katikati ya sehemu inayotetemeka, inatosha. Gonga kwa kidole: bati tupu hulia "ngong"; lililobandikwa hujibu "pu". Lami ya kuzibia mapaa ya nyumba ni ya bei rahisi, lakini katika joto letu hulainika, ikateremka na kunuka ndani ya kebini.

Lakini kutuliza bati si kuzuia sauti, na hapa ndipo pesa hupotea. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 20 hivi, uwe mnene vipi. Kwa hiyo raba ya gia iliyochanika, au tundu lililoachwa wazi fundi alipopitisha nyaya, litashinda zulia la bei ghali. Ziba kwanza. Ila usitumie ile silikoni inayonuka siki kwenye chuma kitupu, kwani asidi yake huchokoza kutu, na vile vitundu vya chini ya mlango usiviguse kabisa. Kama bomba la moshi linavuja, hilo litangulie yote: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na sakafu yenye matundu huikaribisha ndani.

"Nimeziba, na sasa kuna kelele mpya." Kwa kawaida si mpya, upepo ulikuwa unaifunika. Tairi za meno makubwa huvuma kwenye lami, na zilizolika kwa mawimbi huvuma zaidi. Mvumo ukibadilika unapokata kona, shuku beringi: ukikata kushoto uzito unaenda kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, anza na gurudumu la kulia. Liinue kwa jeki, liweke gari kigingi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha ulizungushe kwa mkono. Likicheza au likikwaruza, beringi hiyo haifai tena kwa safari ya Mombasa.