Nyoka hasusi

"Shikamoo mama. Yule kasusa tena."

Ni kijana jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, na "yule" ni nyoka wake wa kahawia, wale wasio na sumu wanaovizia panya majumbani. Anamfuga kwenye boksi la kioo. Mwezi huu wa saba neno hilo nimelisikia mara ya tatu.

Kususa ni kukataa kitu kwa kuudhika. Basi. Ila hapo kwenye kuudhika ndipo penye mambo. Anayesusa ana aliyemkosea, na anataka huyo aone. Mtoto aliyesusa ugali haendi mbali. Utamkuta anachungulia mlangoni kama sahani yake ingalipo. Ongeza i, iwe kususia, umepata neno la wanaosusia kikao au uchaguzi: anayesusiwa sharti ajue kasusiwa. Kugoma ni jingine, lina madai: wanafunzi wa bweni wakigoma kula maharage yenye wadudu, wanataka yabadilishwe. Na kufunga, ambalo nalo nimesikia akibandikwa nyoka, ni kufunga kinywa kwa nia na kwa muda. Chai ya asubuhi nayo huitwa kifungua kinywa. Nyoka hana nia wala madai, wala hajui kwamba sahani ni yako.

Ningenyamaza kama ingekuwa neno tu. Lakini aliyesusa hubembelezwa, na kijana ndicho alichofanya: kila jioni anamtoa, anamshikashika, anamsogezea panya puani. Usiku mmoja akamwachia panya hai humo ndani. Asubuhi nyoka ana alama za meno mgongoni. Nilipoweka kiganja sakafuni karibu na boksi, saruji ilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Usiku huku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na nyoka hana moto wake mwenyewe, huazima wa nje. Tumbo likipoa, panya aliyemezwa hasagiki. Huoza humo akatapikwa. Hata joto likiwepo, huacha kula macho yakiingia ukungu, anapokaribia kujivua gamba (gamba la kweli, si lile CCM ilisema inajivua mwaka 2011).

Tukalipandisha boksi mezani. Taa ya vifaranga tukaiweka nje ya boksi, upande mmoja tu, ufike nyuzi 30 hivi, na wa pili ukabaki na ubaridi wake. Tukamwekea ganda la mti la kujifichia, nami nikaomba asiguswe wiki nzima. Akikonda hadi uti wa mgongo uchongoke, au akitoka ute mdomoni, hapo ni daktari wa mifugo.

Wenye ng'ombe wana neno fupi: hali, kinyume cha anakula. Ukisikia ng'ombe wa fulani hali, unauliza ana nini, huulizi kakosewa na nani. Kwa hiyo, mwanangu, ukipita kesho niambie tu yule bado hali, nami nitakuuliza taa iliwaka usiku kucha au umeme ulikatika.