Chenga za Ukumbini Haziletwi na Uzee wa Kamera

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga picha za harusi alifika ofisini kwangu Sinza akiwa ameshapata mnunuzi wa Canon 700D yake pamoja na lenzi ya 50mm f/1.8, na alichotaka kwangu ni uthibitisho tu kwamba kamera mpya ya Canon R10 anayokwenda kuichukua itamwondolea chenga, vile vidoa vidogo vinavyotapakaa kwenye picha za gizani. "Kaka, picha za ukumbini zinanitia aibu," aliniambia, akimaanisha kipande cha ndani kinachonasa mwanga, "sensa ya hii kamera imeshazeeka." Ni mtu wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayo hayo. Nimeona afadhali niyaandike kwa urefu kuliko kuendelea kuyajibu mlangoni, kwa sababu kuna watu wanauza vifaa vinavyowalisha, wengine wanaongezea na fedha za mkopo, halafu wanarudi ukumbini kupata picha zile zile au mbaya zaidi.

R10 hiyo ingekuja na lenzi inayouzwa nayo kwenye boksi, 18-45mm f/4.5-6.3. Tupige hesabu. Namba inayofuata f/ ni ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi; na kila stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake. Anayetoka f/1.8 kwenda f/6.3 anapunguza mwanga unaofika kwenye sensa kwa zaidi ya mara 12, yaani zaidi ya stopu tatu na nusu. R10 ilitoka mwaka 2022 na 700D ilitoka mwaka 2013, na kuna maendeleo ya kweli kati yake, lakini sensa zote mbili zina ukubwa ule ule wa takriban milimita 22.3 kwa 14.9, na miaka tisa ya uhandisi haikuzaa stopu tatu na nusu. Haiwezi kuzizaa. Sensa ya 700D tayari ilikuwa inanasa sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia, kwa hiyo hata kama kesho angetokea mtu akatengeneza sensa ya ukubwa huo isiyopoteza chembe hata moja ya mwanga, faida yake gizani ingekuwa stopu moja na kitu, basi.

Chanzo cha chenga ndicho kinachosahauliwa. Mwanga huanguka kwenye sensa kama mvua inavyoanguka uani, tone moja moja, bila mpangilio. Ukitega vikombe kumi vinavyofanana kwenye manyunyu kwa nusu dakika, hakuna viwili vitakavyopata maji sawa. Ukivitega kwenye mvua ya masika kwa saa nzima, vyote vitaonekana vimejaa sawasawa. Pikseli ni vikombe hivyo. Chenga unazoziona kwenye suti nyeusi ya bwana harusi ni tofauti ya maji kati ya kikombe na kikombe, kwa sababu mvua iliyonyesha pale ilikuwa chache. Kubadilisha vikombe vya zamani kwa vipya vya mdomo ule ule hakuongezi mvua.

Nilimwomba anionyeshe faili zake za RAW za harusi ya mwisho, si zile alizokwisha kuzihariri. Karibu zote za ukumbini zilikuwa f/5.6, shata (pazia la kuingizia mwanga) wazi kwa sekunde 1/125, ISO 1600, kwa lenzi ya 18-55mm. Lenzi ya 50mm alikuwa anaitoa kwenye mkoba wakati wa picha za ufukweni tu, saa kumi jioni, jua likiwaka, kwa ajili ya kufifisha mandharinyuma. Nyuso zilikuwa na giza la stopu mbili hivi. Kisha akafungua programu ya kuhariri ya Lightroom akazivuta hadi zikang'aa, na hapo ndipo chenga zilipojitokeza kama mchele uliomwagwa.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu jambo hili linaniudhi kuliko mengine yote. Watu wameaminishwa kwamba ISO kubwa ndiyo inayoleta chenga, kwa hiyo wanaiogopa, wanaiacha kwenye 1600, na wanapiga picha yenye giza wakidhani wameilinda. ISO haipunguzi wala haiongezi mwanga. Mwanga umeamuliwa na tundu la lenzi, kasi ya shata na taa zilizomo ukumbini. ISO inaamua tu ishara hiyo ikuzwe kiasi gani kabla ya kuandikwa kwenye kadi. Aliyepiga ISO 1600 akavuta stopu mbili kwenye kompyuta, na aliyepiga ISO 6400 papo hapo kwa tundu lile lile na shata ile ile, wamekusanya mwanga ule ule. Kwenye kamera kama 700D yule wa kwanza ndiye anayeumia zaidi, maana saketi za Canon za kizazi kile zilikuwa zinaongeza uchafu wake baada ya ishara kutoka kwenye sensa, na ukivuta vivuli uchafu huo unapanda pamoja navyo, mara nyingine ukiwa na mistari kabisa. Kuanzia 80D ya mwaka 2016 Canon walihamishia kazi ya kugeuza ishara kuwa namba ndani ya sensa yenyewe, na vivuli vya ISO ndogo vikawa safi zaidi kwa kiasi kinachoonekana.

Ndiyo maana ulinganisho mwingi wa kamera unaosambazwa unapotosha bila kusema uongo. Mtu anachukua picha ya ISO 100 iliyopigwa mchana, anaivuta stopu nne, anaweka kamera ya zamani kushoto na mpya kulia, na tofauti ni kubwa kweli. Mpiga picha wa harusi anaona, anahitimisha kwamba na ukumbini itakuwa hivyo. Ukumbini uko ISO 3200 au 6400, na huko uchafu wa saketi ni sehemu ndogo tu ya tatizo; kinachotawala ni uchache wa mvua, na tofauti kati ya vizazi inasinyaa hadi unahitaji kukuza picha kwa asilimia mia moja ndipo uanze kubishana. Anayepiga mandhari au majengo, anayeacha anga isiungue kwa weupe kisha avute vivuli, huyo bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) itamfaa tangu siku ya kwanza. Anayelishwa na sendofu na kitchen party ni mtu mwingine.

Kuna jambo jingine linalohusu nyuso zetu hasa. Kipimo cha mwanga cha kamera hujaribu kuifanya picha iwe na mng'ao wa wastani. Bibi harusi mweusi amevaa gauni jeupe, nyuma yake kuna ukuta wa vitambaa vyeupe na taa za LED zinazotazama lenzi. Kipimo kinaona weupe mwingi, kinashusha mwanga, na uso wa bibi harusi unatumbukia gizani ambako chenga zinaishi. Kamera mpya inayotambua uso inasaidia katika hili, nakubali, lakini gurudumu la kuongeza mwanga lipo hata kwenye 700D, na histogramu, ile grafu ya mwanga, ipo. Ongeza stopu moja, hata moja na theluthi, angalia gauni kama halijaungua, endelea na kazi. Wengi wanaolalamikia sensa hawajawahi kuligusa gurudumu hilo.

Kuhusu megapikseli nitasema kwa kifupi. Kutoka milioni 18 za 700D hadi 24 za R10 ni kutoka upana wa pikseli 5184 hadi 6000, chini ya asilimia 16 kwa upande. Ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi hauhitaji hata milioni tisa. Kuhusu "kropu", yaani sensa ndogo kama ya 700D, kubadilisha lenzi: haibadilishi, 50mm ni 50mm, unachokiona ni pembe finyu zaidi, na f/1.8 inabaki f/1.8 kwa upande wa mwanga. Fulu fremu, yaani sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, ina eneo kubwa la mara 2.6 kuliko kropu ya Canon, nayo ni stopu moja na nusu kasoro kidogo, lakini utaipata faida hiyo ukiiwekea lenzi yenye tundu lile lile kwa pembe ile ile, na lenzi hizo zina bei yake na uzito wake.

Baada ya hayo yote, je, bodi mpya haina maana? Ina maana, na nisingependa mtu aondoke hapa akidhani ninaitetea 700D kwa kuipenda. Ushauri wangu wa kufungua tundu una gharama ambayo washauri wengi huinyamazia. Kwa 50mm kwenye f/1.8, mtu akiwa mita mbili mbele yako, sehemu iliyo kwenye fokasi ina kina cha sentimita 11 hivi. Maharusi wakiingia wakicheza, wanakuja mbele, wanarudi nyuma, wanainama, sentimita 11 hizo hazitoshi kabisa kwa mtu anayetegemea pointi tisa za fokasi zilizokusanyika katikati ya fremu. Utaondoa chenga na kuleta ukungu, na ukungu ni mbaya zaidi, kwa sababu chenga mteja huzisamehe lakini macho yaliyofifia hayasamehe. Hapo ndipo R7 (kaka yake R10) na R10 zinapostahili sifa: zinalishika jicho karibu kila pembe ya fremu na kulifuata likisogea, hata taa zikiwa hafifu kiasi ambacho 700D ingekuwa inahangaika mbele na nyuma bila kushika kitu. Kwa maneno mengine, bodi mpya haikupunguzii chenga moja kwa moja. Inakuruhusu kuithubutu lenzi yenye mwanga, na lenzi ndiyo inayozipunguza. Tofauti hiyo si ya maneno tu, maana anayenunua bodi na kuuza lenzi amenunua nusu ya dawa na kuitupa nusu nyingine.

Sababu nyingine ninayoiheshimu ni nafasi ya kadi ya pili. Miaka kadhaa iliyopita kadi ilinifia katikati ya ndoa, ndani ya bodi yenye nafasi moja. Nilifanikiwa kuokoa picha za msafara na za chakula, lakini picha za wakati wa kutia saini hazikurudi. Mama wa bibi harusi hakunigombeza; alinyamaza tu, na nimeukumbuka ukimya ule katika kila harusi tangu hapo. R7 ina nafasi mbili, 7D Mark II ya mwaka 2014 inazo mbili, R10 inayo moja, 80D na 90D zinayo moja moja. Mtu akiniambia anabadilisha bodi kwa sababu hii peke yake, simuulizi swali la pili.

Taa za LED nazo zinastahili neno. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kuanzia 7D Mark II, Canon wameweka uwezo wa kamera kusubiri kilele cha mpepeso kabla ya kufungua shata, na kwenye ukumbi mbaya uwezo huo unaokoa picha nyingi, 700D haina. Ila ukifika kwenye R7 ukavutiwa na shata ya kielektroniki kwa ukimya wake, ujue sensa yake inasomwa polepole, na chini ya taa hizo utapata mistari ya giza iliyolala juu ya picha nzima. Ukumbini tumia shata ya kawaida. Utulivu wa sensa, ambao R7 inao na R10 haina, unatuliza mkono wako wewe. Haumtulizi mcheza ngoma.

Nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Mimi mwenyewe nilihamia R7, na idadi ya picha ninazozitupa baada ya harusi imeshuka sana. Lakini katika kipindi hicho hicho nilianza kutenga flashi ya pili pembeni mwa jukwaa, na mwezi Aprili 2023 Adobe waliingiza kwenye Lightroom kifutio kipya cha chenga ambacho kinafanya vizuri hata kwenye faili zangu za RAW za zamani. Nikisema bodi ndiyo iliyonisaidia, nitakuwa nachagua jibu linalohalalisha fedha nilizotoa. Ninavyohisi, fokasi ndiyo iliyochangia zaidi, flashi inafuata, na sensa yenyewe iko mwisho kabisa, ila kila ninapotaka kuipanga orodha hiyo kwa uhakika ninaona nimebadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo anayeniuliza sasa ninampa kazi kabla ya jibu. Fungua picha ulizozitupa kutoka kazi tatu za mwisho, kisha ukitazama kila moja andika ilikufa kwa nini: giza, fokasi, mtikisiko, au uliwahi mno au kuchelewa. Zikiwa nyingi zimekufa kwa giza, tatizo ni lenzi, flashi au gurudumu. Zikiwa zimekufa kwa fokasi ilhali tayari unafungua f/2, bodi mpya utaihisi usiku wa kwanza, na lenzi zako za EF, yaani zile za 700D, zitakaa juu yake kwa adapta isiyo na kioo ndani, bila kupoteza mwanga.

Kijana wangu alikuwa na harusi nyingine Jumamosi. Nilimwambia aiache 18-55mm kwenye mkoba maharusi wanapoingia, aweke 50mm kwenye f/2, shata 1/250, ISO ile ile 1600 aliyoizoea, asimame hatua mbili nyuma zaidi na atumie pointi ya katikati. Mwanga utakuwa sahihi bila kuvutwa, na shata itakuwa na kasi mara mbili ya ile ya mwanzo. Ataniletea kadi Jumatatu tuhesabu zilizokufa kwa fokasi. Mnunuzi wa 700D amekubali kusubiri hadi siku hiyo.