Msimu wa hoki wa 2004-05: wachezaji hawakugoma

Wapenzi wengi wa michezo huamini kwamba msimu wa 2004-05 wa ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini ulipotea kwa sababu wachezaji waligoma. Si ajabu: wachezaji wa ligi hiyohiyo waligoma kweli mwaka 1992, kwa siku kumi hivi.

Ila mgomo ni mfanyakazi kukataa kazi. Safari hii aliyefunga mlango ni mwajiri. Mkataba wa pamoja wa kazi kati ya wamiliki na wachezaji ulipomalizika Septemba 2004, wamiliki wa timu 30 waliwafungia wachezaji nje, wakitaka jumla ya mishahara ya kila timu iwekewe kikomo. Februari 2005 msimu mzima ukafutwa: mechi 1,230, bila kuhesabu zile za kuwania Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi hiyo. Mamia ya wachezaji walikuwa wameshakwenda kucheza Ulaya. (Kombe lenyewe limechongwa maneno kwamba msimu huo haukuchezwa, basi.)

Ukitaka kuhakikisha, tafuta magazeti ya Septemba 2004 uone tangazo la kusimamisha kazi lilitoka upande gani. Nani alaumiwe ni swali jingine, na wenye hoja wapo pande zote mbili.