Je, wajua? Si asidi inayomchosha njiwa aliyerudi kutoka mbio

Njiwa ukimwachia Lindi mjini, na banda lake liko Mtwara, ana safari ya kilometa 60 hivi kwa mstari ulionyooka. Barabara inazidi 100, kwa kuwa gari lazima lizunguke ghuba na mto Lukuledi kupitia Mnazi Mmoja. Njiwa hazunguki. Siku tulivu saa moja inamtosha. Msimu wa kusi, upepo ukimpiga usoni, huenda akatumia saa moja na nusu au zaidi. Mbawa zake hupiga mara tano hadi saba kwa sekunde, kwa hiyo hesabu ya saa moja na nusu inavuka mapigo 25,000. Anatua juu ya bati mdomo wazi, mbawa zimelegea, koo linapwita.

Sasa umfanyeje? Umfungie apumzike, au kesho yake umrushe?

Mchezo wa njiwa wa mbio ulikomaa Ubelgiji katika karne ya 19, na mpaka leo wapo wanaopelekwa Barcelona, Hispania, wakarudi Ubelgiji, zaidi ya kilometa 1,000. Huku kwetu tunaofuga njiwa manga kwa mapenzi tunawasafirisha kwa basi ndani ya kikapu, kisha tunapigiana simu: “Nimemwachia saa mbili na robo.” Swali la mapumziko linatuhusu wote, awe wa kilometa 1,000 au wa 60.

Mimi nilikuwa na jibu, na lilikuwa na kosa. Dume wangu wa kijivu, mwenye mistari miwili myeusi mbawani, aliporudi kutoka Lindi kwa mara ya kwanza nilimfungia siku kumi na kumpa mahindi na mbaazi bila kipimo. Nilikuwa nimesikia kwamba msuli uliofanya kazi kubwa hujaa asidi ya laktiki, ile inayotokea msuli unapochoma sukari haraka, na kwamba ndege akiruka kabla asidi hiyo haijatoka ataharibika. Rafiki yangu wa Lindi, ndiye aliyekuwa amemwachia, alikuwa na ushauri wa kinyume. “Mrushe kesho alfajiri, kaka,” aliniambia, “hiyo asidi itoke.” Tulibishana kwa simu miezi kadhaa, yeye akisema mazoezi, mimi nikisema kufungia. Hakuna kati yetu aliyeuliza kama hiyo asidi ipo.

Siku ya kumi na moja nilipofungua banda, dume alizunguka paa mara mbili akatua, anahema, na wenzake bado wako juu ya minazi. Nikadhani asidi haijaisha. Nikamfungia tena.

Wazo hili lina asili yake, na inafaa kuifuata kwa sababu limeenea kuliko ufugaji wa njiwa. Utalisikia kwa wacheza mpira, kwa wakimbiaji, hata kwa wapagazi. Mwaka 1907, Cambridge, Uingereza, watafiti wawili, Fletcher na Hopkins, walichukua misuli ya miguu ya chura na kuifanyisha kazi mpaka ikachoka. Pale ambapo hewa ya oksijeni haikuwepo, walikuta asidi ya laktiki imerundikana. Baadaye Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walichunguza zaidi uhusiano wa asidi hiyo na oksijeni, na kazi yao ikapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Kuanzia hapo watu wakaunganisha mambo mawili: msuli umechoka, msuli una asidi, basi asidi ndiyo uchovu.

Vipimo vya wale watafiti vilikuwa sahihi. Kilichopotea njiani ni kwamba msuli wa chura ulikuwa umekatwa. Hauna moyo unaousukumia damu. Fikiria mtaro wa maji ulioziba: kila kinachomwagwa humo kinabaki humo, na ukiuchungulia utadhani mitaro yote ndivyo ilivyo. Ndani ya kiumbe hai mtaro unapita. Asidi ya laktiki inatoka kwenye msuli, inaingia kwenye damu, na viungo vingine vinaipokea kama kuni. Moyo wenyewe huichoma. Kuanzia miaka ya 1980 mtafiti George Brooks wa Marekani alionyesha kwa vipimo vingi kwamba laktiki ni kuni zinazosafirishwa mwilini, na hesabu ya kuiita taka haikukaa tena. Kwa binadamu aliyefanya mazoezi makali, kiwango chake kwenye damu hurudi chini ndani ya saa moja hivi.

Angalia pia saa za maumivu. Aliyeshinda kwenye palizi ya mikorosho baada ya miezi bila kushika jembe anajua kwamba jioni ile anachoka tu. Mgongo na mapaja humuuma kesho yake, na keshokutwa ndiyo zaidi. Wakati huo asidi ilishaondoka tangu jana. Kinachouma ni nyuzi ndogo za misuli zilizochanika na mwili unaozirekebisha.

Kwa njiwa hoja ya asidi ni dhaifu zaidi, na sababu yake unaweza kuiona kwenye sahani. Mpasue kuku, nyama ya kidari ni nyeupe. Mpasue njiwa, nyama ya kidari ni nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya ini. Miaka ya 1950, katika chuo kikuu cha Baroda nchini India, J. C. George na wenzake walichunguza kidari cha njiwa kwa hadubini wakakuta aina mbili za nyuzi. Nyingi ni nyembamba, nyekundu, zimejaa mafuta. Chache ni nene, nyeupe, zimejaa sukari ya akiba iitwayo glaikojeni.

Nyuzi nyeupe ni makuti. Ukiwasha makuti makavu moto unapaa papo hapo, na baada ya dakika chache umebaki na majivu. Njiwa anazihitaji anapokurupuka kutoka ardhini, paka akimnyatia, na anapotua. Hapo laktiki hupanda kweli, kwa muda mfupi. Nyuzi nyekundu ni mkaa. Unachelewa kushika, lakini ukishashika unaivisha maharage. Njiwa akishafika juu na kukaa kwenye mwendo wake, kazi inabebwa na mkaa, na mkaa wake ni mafuta yanayochomwa kwa oksijeni ya kutosha. Moto wa namna hiyo haurundiki laktiki.

Hili limepimwa. Miaka ya 1980, huko Saarbrücken, Ujerumani, njiwa walifundishwa kuruka ndani ya handaki la upepo, wamevishwa kifaa cha kupima pumzi zao. Mwili ukichoma sukari, hewa ya ukaa inayotoka inalingana na oksijeni inayotumika, yaani uwiano wake ni 1. Ukichoma mafuta, uwiano unashuka hadi 0.7. Njiwa walianza wakiwa karibu na moja, na kadiri walivyoendelea kuruka uwiano ukateremka kuelekea 0.7. Walianza na makuti wakamalizia na mkaa, kama mpishi yeyote wa jiko la udongo.

Kwa nini mafuta? Hapa muhogo unaeleza vizuri kuliko kitabu. Mtu wa kusini akitaka kusafirisha muhogo mbali habebi mbichi, anabeba makopa, kwa kuwa muhogo mbichi sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Glaikojeni ni muhogo mbichi: kila gramu moja hukaa mwilini pamoja na gramu tatu hivi za maji. Mafuta ni makopa. Hayabebi maji, na gramu kwa gramu yanatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya sukari. Kiumbe anayelazimika kujiinua hewani pamoja na mzigo wake wote hana nafasi ya kubeba muhogo mbichi.

Njiwa akiruka hutumia gramu 2 hadi 3 za mafuta kwa saa. Safari ya Lindi hadi Mtwara inamgharimu kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu. Kijiko kimoja cha chai, na ndege amevuka Lukuledi, mikoko na Mikindani hadi juu ya bati langu. Ndege wa Ulaya anayeruka saa kumi mfululizo anateketeza gramu 20 hadi 30, na uzito wake wote ni kama gramu 450. Huyo amepungua hasa, na ukimshika utaisikia: mfupa wa kidari unachongoka kama mkuku wa jahazi.

Basi dume wangu alichoshwa na nini? Kwanza maji. Njiwa hana tezi za jasho. Anajipoza kwa kuhema, na kila pumzi inatoka na unyevu. Pili, nyuzi zilizochanika, kama za mpaliliaji. Tatu, safari ndefu huchoma pia protini kidogo, na hapa asidi inaingia kweli, ila ni nyingine kabisa. Waliopima damu ya njiwa baada ya safari za mamia ya kilometa wamekuta asidi ya yuriki imepanda, pamoja na dalili za misuli kuumia. Asidi ya yuriki ni takataka ya protini. Ndiyo ile nyeupe unayoiona kwenye kinyesi cha ndege. Inahitaji maji na figo, na njiwa wa kufungiwa na wa kurushwa wote wataitoa vilevile.

Akitua, mpe maji kabla ya chakula, kivulini. Atazamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa, tofauti na kuku, na atafyonza kwa muda mrefu. Kisha punje nyepesi kidogo: mtama au uwele. Usishtuke kinyesi cha kwanza kikiwa majimaji ya kijani. Utumbo ni mtupu na kinachoonekana ni nyongo. Kikiendelea hivyo siku ya tatu, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo. Jioni au kesho yake ongeza mbaazi au choroko, kwa ajili ya kurekebisha misuli. Mbaazi kwa Kiingereza ina jina la njiwa, kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kuwapa. Karanga na ufuta, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ni chakula cha kujaza tangi. Lakini tangi la aliyetumia kijiko kimoja linajaa upesi, na kosa langu la siku kumi lilikuwa hapo: nilijaza tangi lililokwisha kujaa, kwa ndege asiyeruka. Yule dume hakuwa na asidi, alikuwa amenenepa.

Na mazoezi je? Rafiki yangu wa Lindi alikuwa sahihi kwa tendo. Sababu yake ndiyo haikuwa sahihi. Ni kweli kwamba kwa binadamu kutembea polepole baada ya mbio kunaondoa laktiki haraka kuliko kukaa, ila ingeondoka tu hata ukilala, kwa hiyo hapo hakuna faida ya kupigania. Faida ni nyingine. Msuli unaokaa bila kazi hupunguza vimeng'enya na mitokondria, yaani jiko lenyewe la kuchomea mafuta. Jambo hili limepimwa zaidi kwa binadamu na panya kuliko kwa njiwa, lakini mkaa wa aina hiyo ni mmoja kwa wote watatu. Wiki mbili za banda lililofungwa zinamrudisha ndege nyuma kuliko safari ya Lindi ilivyomchosha.

Kiasi cha mazoezi kinatokana na uzoefu wa wafugaji, si na maabara, na wafugaji wanatofautiana. Kwa safari ya saa moja au mbili mimi sasa napumzisha siku moja, naweka beseni la maji ya kuoga, na siku ya pili asubuhi nafungua banda kabla jua halijawa kali. Kwa aliyeruka mchana kutwa, siku tatu au nne za utulivu si nyingi. Banda nafungua tu. Sipungi kitambaa kwenye fito kumlazimisha abaki juu, kwa kuwa nyuzi zilizochanika hazijaungana, na ndege anayelazimishwa hapati nafasi ya kunionyesha hali yake.

Anionyeshe, maana siku hiyo ndiyo ya kumsoma. Akitoka mwenyewe, akapanda na wenzake, akazunguka robo saa na kurudi mdomo umefungwa, yuko tayari. Akitoka akaenda kukaa juu ya bati, namwacha akae, na kesho yake nafungua tena. Dume wangu wa kijivu baada ya safari yake ya pili alikaa juu ya bati asubuhi mbili. Ya tatu aliondoka kabla sijamaliza kufungua mlango.