Taa ya Wi-Fi kuwaka haimaanishi kwamba sensa inasomeka

Wengi huamini kwamba kibadilishi, yaani kifaa kinachopokea data ya sensa kwa nyaya na kuituma kwa Wi-Fi, kikishaunganishwa na mtandao, data ya sensa itakuja yenyewe. Isipokuja, kifaa kimekufa. Lakini taa ile inaeleza upande wa mtandao tu. Upande wa nyaya za RS-485 (njia ya nyaya mbili, A na B, ya kupitisha data), kasi, pariti (alama ya kukagua makosa) na anwani (namba ya sensa kwenye nyaya) lazima vilingane na vya sensa. Sensa inayotumia Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa) iliyowekwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ukiiita kwa 115200, hukaa kimya ingawa ni nzima kabisa.

Kabla ya kununua kingine, fungua mwongozo wa sensa ulinganishe tarakimu moja moja. Kisha geuza nyaya A na B, maana watengenezaji hawaziiti kwa namna moja, na hilo huwasumbua hata mafundi wazoefu. Bado kimya? Chomeka sensa kwenye kompyuta kwa adapta ya RS-485 kwenda USB. Ikijibu huko, rudi kwenye mipangilio ya kibadilishi.